Kitenzi "Kuona" katika Injili ya Yohana: Maoni kuhusu Horao ya Kiyunani na Wasikilizaji wa Karatu na Ngorongoro

Kuna dai lililozoeleka miongoni mwa wahubiri waliopitia vyuo vya theolojia, ambalo sasa limeanza kuingia pia katika tasnifu za wanafunzi wetu wa tafsiri. Inadaiwa kwamba Kiyunani cha Agano Jipya kina vitenzi vitano au sita vya kuona, kila kimoja na daraja lake, na kwamba Kiswahili, kwa kuwa kinategemea ona, kimezifuta daraja hizo na kumwacha msomaji gizani. Makala haya yanakusudia kulipinga dai hilo kwa sehemu kubwa. Hasara katika tafsiri ipo, lakini ipo mahali ambapo wanaoilalamikia hawajapatazama.

Nimechagua kulijadili suala hili nikiwafikiria wasikilizaji wa Karatu na Ngorongoro. Katika eneo hilo, kuanzia Ziwa Eyasi hadi Loliondo, lugha za asili mbalimbali zinaishi jirani: Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kimaasai na Kidatooga za Kiniloti, Kisonjo cha Kibantu, na Kihadza ambacho hakijapatiwa ndugu wa uhakika. Kiswahili ndicho daraja. Kiiraqw na Kimaasai vina tafsiri zake za Maandiko. Hata hivyo ni jambo la kawaida somo kusomwa kwa Kiswahili na mahubiri kutolewa kwa Kiswahili, huku mkalimani akiyageuza papo hapo kwa ajili ya wazee. Kwa hiyo uamuzi wowote alioufanya mfasiri wa Kiswahili kuhusu kitenzi cha Kiyunani unavuka mto mara ya pili. Mkalimani huyo anacho ar katika Kiiraqw, kitenzi ambacho wanaisimu hukihusisha na arag cha Kisomali, au dol katika Kimaasai. Akielezwa kuwa kuna kuona kwa namna tatu, atalazimika kuunda maelezo marefu kwa jambo ambalo pengine halimo katika matini asilia.

Tuanze na sarufi. Horao, eidon, opsomai na heoraka si vitenzi vinne. Ni kitenzi kimoja kilichojengwa kwa mashina matatu yenye asili tofauti: hor- katika njeo ya sasa na hali timilifu, id- katika wakati uliopita ambao wanasarufi huuita aoristi, na op- katika wakati ujao. Kila shina limeshika nafasi yake na kuyaachia mengine zilizobaki. Kiswahili hakihitaji kuazima mfano wa mbali ili kulielewa jambo hili. Tunasema "yeye ni mwalimu", kisha "alikuwa mwalimu". Tunasema "anakuja", lakini tunapomwita mtu tunasema "njoo". Sijapata kumsikia mhubiri akieleza kwamba "njoo" ni ujio wa roho na "anakuja" ni ujio wa miguu. Lakini tofauti ya namna hiyo hiyo ikitokea katika Kiyunani, huvishwa joho la theolojia.

Isitoshe, katika Kiyunani cha karne ya kwanza horao ya njeo ya sasa ilikuwa imekwisha kuanza kunyauka katika matumizi ya kawaida, na nafasi yake ilikuwa ikichukuliwa na blepo na theoreo. Injili ya Yohana inadhihirisha mabadiliko hayo. Umbo la sasa la horao ni nadra mno humo, ilhali theoreo inatokea mara nyingi, aghalabu katika njeo ya sasa. Mwandishi anapohitaji wakati ujao huchukua opsomai. Anapohitaji aoristi huchukua eidon. Anapohitaji hali timilifu huchukua heoraka. Kwa maneno mengine, theoreo imeingia katika ukoo wa horao kama mke aliyeolewa humo, na anapika katika jiko lile lile.

Mfano maarufu ni Yohana 16:16. Yesu anawaambia wanafunzi kwamba baada ya kitambo kidogo hawatamwona, na kitambo kidogo tena watamwona. Kiyunani kina theoreite katika kishazi cha kwanza na opsesthe katika cha pili. Hapa ndipo mahubiri huchanua: kuona kwa kwanza, tunaambiwa, ni kwa macho ya mwili, na kwa pili ni kwa macho ya imani. Ufafanuzi huo unapendeza, ila mwandishi mwenyewe anaukanusha. Katika 14:19 theoreo inatumika kwa ulimwengu ambao haumwoni tena Yesu, na papo hapo inatumika kwa wanafunzi ambao wanamwona. Katika 6:40 theoreo imefungamanishwa na kumwamini Mwana. Kitenzi kinachodaiwa kuwa cha mwili tu hakiwezi kubeba mizigo hiyo. Mfasiri wa Tafsiri ya Muungano ya 1952 aliyetumia ona pande zote mbili za 16:16 hakupoteza kitu. Kwa maoni yangu, aliuelewa mfumo wa kitenzi kuliko wanaomkosoa.

Hoja nyingine inayopendwa ni ile ya oida, "najua". Kihistoria kitenzi hiki ni hali timilifu ya shina lile lile la id-: aliyekwisha kuona, anajua. Katika Yohana 20:8 mwanafunzi wa pili anaingia kaburini, anaona (eiden) na kuamini. Katika aya inayofuata tunaarifiwa kuwa walikuwa bado hawajalijua (edeisan) andiko. Mashina mawili ya asili moja yamekaa bega kwa bega, na ni kweli kwamba Kiswahili, kikitumia ona na fahamu, hakiuonyeshi udugu huo. Lakini je, Myunani wa kawaida aliusikia? James Barr, katika kitabu chake kuhusu semantiki ya lugha ya Biblia kilichotoka mwaka 1961, alionya vikali dhidi ya kuichukua asili ya neno kuwa ndiyo maana yake. Na hapa kitenzi nilichotumia hivi punde kinatosha kuwa ushahidi: onya kinatokana na ona kwa mnyambuliko wa kusababisha, yaani kumfanya mtu aone. Mama anayemwonya mwanawe asicheze barabarani hafikirii macho hata kidogo.

Hadi hapa nimeitetea ona. Hata hivyo haifai kuhitimisha kwamba vitenzi vyote vya kuona katika Agano Jipya ni sawa. Blepo imefungamana zaidi na uwezo wa jicho lenyewe, ndiyo maana ni kitenzi cha vipofu walioponywa, kama katika Yohana 9:25. Tena Kiyunani hukiongezea viambishi mbele na kupata maana mpya. Katika Marko 8:22-25, habari ya kipofu wa Bethsaida, blepo na horao zinatokea, na blepo inavaa viambishi vitatu kwa zamu: ana-, dia- na en-. Mtu huyo kwanza anaona watu kama miti inayotembea. Hatimaye anaona kila kitu telaugos, yaani waziwazi, hata vilivyo mbali. Yeyote aliyesimama ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, takriban mita 600 juu ya sakafu yake, anaielewa hatua ya kwanza ya uponyaji huo. Mgeni huona vijidoa vyeusi. Mfugaji aliyekulia huko huona nyati, tena hujua wanaelekea wapi.

Katika aya hizo Kiswahili cha 1952 kimesema mtu yule "alitazama sana". Huo ni udhaifu. Sana ni kielezi cha kila siku, hakifanyi kazi ya dia-. Wafasiri hao hao walipokutana na atenizo katika Matendo ya Mitume walijua kutumia "kukaza macho", msemo wenye nguvu na wa asili. Aidha, katika Yohana 20 walimfanya mwanafunzi wa kwanza achungulie, jambo linalolingana barabara na parakupto ya kuinama na kuangalia ndani, na Petro wakampa tazama kwa theoreo, kwa kuwa muktadha unamwonyesha akikagua sanda moja moja. Chungulia, tazama, ona: watu wawili, kaburi moja, na Kiswahili kimewafuata hatua kwa hatua. Anayesema lugha hii ina kitenzi kimoja tu cha kuona hajafungua kamusi.

Sasa nifike penye hasara ya kweli, nayo iko katika njeo. Heoraka ni hali timilifu: tendo limekwisha, matokeo yake yapo. Maria Magdalene anaporudi kwa wanafunzi katika 20:18 hasimulii tukio lililopita tu; anasimama mbele yao akiwa mtu aliyekwisha kuona. Kiambishi -me- cha Kiswahili kinalichukua jambo hili bila kutoa jasho, na wafasiri walikitumia hapo, kama walivyokitumia katika maneno ya Yesu kwa Tomaso, 20:29, ambapo vitenzi viwili vya hali timilifu vinafuatana katika Kiyunani na viwili vya -me- vinafuatana katika Kiswahili.

Lakini tutazame 14:9. Kiyunani kina umbo timilifu mara mbili, heorakos na heoraken: aliye katika hali ya kuwa amemwona Yesu yumo katika hali ya kuwa amemwona Baba. Mlingano wa maumbo ndio hoja yenyewe. Tafsiri ya 1952 ina aliyeniona upande mmoja na amemwona upande wa pili. Sababu ni ya kisarufi: kirejeshi kinachopachikwa ndani ya kitenzi hukubali -li-, -na- na -taka-, na -si- katika ukanushi, lakini hakikubali -me-. Hatusemi *ameyeniona. Ndivyo ilivyo pia katika 19:35, ambapo shahidi wa msalabani, aliyetajwa kwa umbo timilifu, amekuwa "aliyeona" tu. Msikilizaji wa Kiswahili cha kuzaliwa huenda akalijaza pengo hilo kwa mazoea. Mkalimani wa Karatu, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, husikia -li- na kuihamisha kama -li-: mtu fulani, zamani, alimwona Yesu kwa macho. Wazee wanaosikiliza wanaelezwa habari za waliokuwapo siku zile, na wao wenyewe wanabaki nje ya sentensi. Ningependekeza "ambaye ameniona", ingawa amba- ni nzito masikioni na wapenzi wa lugha teule hawaipendi katika matini ya ibada.

Hoja ya mwisho inahusu kitenzi kinachofuatana na ona katika 20:8. Vincent Donovan, padri Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Loliondo katika miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1978 jinsi mzee wa Kimaasai alivyomsahihisha kuhusu neno alilolitumia kwa "kuamini". Neno hilo, alisema mzee, ni kukubali tu. Linafanana na mwindaji mzungu anayempiga mnyama risasi kutoka mbali, ambaye macho na vidole vyake pekee ndivyo vinavyoshiriki. Kuamini hasa ni kama simba anayemwendea windo kwa pua, macho, masikio, miguu na mwili mzima. Katika maelezo hayo jicho la mbali ndilo lililolaumiwa. Hapa ona ya Kiswahili inastahili kusikilizwa upya, kwa kuwa sisi huona njaa, huona baridi, huona haya, huona uchungu. Hatuoni kwa macho peke yake. Kiyunani nacho kinazungumza juu ya "kuona mauti" na "kuona uzima", na mlingano huo umekuja kwetu bila kutafutwa.

Jambo la ajabu ni kwamba wafasiri wa 1952, waliolaumiwa kwa kutumia kitenzi kimoja pale Kiyunani kilipokuwa na vingi, walifanya kinyume chake kwa pisteuo. Katika 20:8 mwanafunzi anaona na "kuamini". Katika 20:29 Tomaso "amesadiki". Kiyunani kina kitenzi kimoja mahali pote pawili, na sura nzima inaelekea kwenye marudio yake. Sijapata kuisoma tasnifu hata moja inayolalamikia hilo.