Ule ufunguo mdogo juu ya simu: VPN inafungua nini, na nani anatuona?

Katika vikundi vyetu kuna swali linalorudi kila mara: ile alama ya ufunguo inayotokea juu kabisa ya simu ya Android, karibu na saa, ni ya nini? Ukimuuliza kijana wako, atajibu neno moja tu, "VPN", kisha anaenda zake. Na kwa wengi wetu simu ile si ya kijana peke yake. Ni simu ya nyumba nzima, yenye pesa za mama, hesabu za likelemba na sauti za ndugu walio mbali. Basi juma hili tuelezane.

Simu inapoingia kwenye intaneti, inatambulika kwa namba inayoitwa anwani ya IP. Kampuni ya mtandao ndiyo inayoitoa, na mara nyingi wateja wengi wanatumia namba moja kwa wakati mmoja. Kwa namba hiyo TikTok au Facebook inajua jibu ilirudishe wapi, tena inakisia uko nchi gani. Serikali ikiamuru TikTok izuiwe, kampuni za mtandao za humu nchini zinaweka kizuizi, na kila anayepitia kwao kwenda TikTok anarudishwa njiani.

Sisi wa Ubundu hatuhitaji maelezo marefu juu ya njia iliyozibwa. Masua ya kutoka Kindu inafika hapa na kusimama, maana mbele yake kuna maporomoko ya Boyoma. Ndiyo sababu wakoloni walijenga reli ya kilomita 125, iliyomalizika mwaka 1906: mzigo unashushwa hapa, unapanda treni (siku treni ikiwepo, tunajuana), unayazunguka maporomoko na kufika Kisangani, mto unapopitika tena. VPN nayo inazunguka. Simu inafunga kila kitu ndani ya mzigo wenye kufuli na kuutuma kwa mashine iliyo mbali, tuseme Uholanzi. Kampuni ya mtandao inaona mzigo unapita, lakini haioni ndani. Mashine ya Uholanzi inaufungua na kuupeleka TikTok, na TikTok inadhani mtoto wako yuko Uholanzi.

Proksi ni ndugu yake mdogo. Nayo inakupitisha kwa mashine nyingine, ila mara nyingi haifungi mzigo kwa kufuli, na inatumikia programu moja tu. WhatsApp yenyewe iliweka nafasi ya proksi tangu Januari 2023. Utaikuta ndani ya Paramètres, kwenye Stockage et données. Ujumbe wa WhatsApp unabaki na kufuli yake hata ukipitia hapo.

Kwa nini vijana wetu wanajua haya yote? Kwa sababu nchi yetu imewafundisha. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23, na katika siku hizo X na TikTok zikazuiwa Kongo nzima. Mwenye dada au mtoto kule Goma alikuwa anatafuta habari popote, na VPN iliwasaidia wengi. Uganda pia, tarehe 1 Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp au Facebook, watu wengi walikimbilia VPN ili wasilipe.

Lakini wamama, tukumbuke Desemba 2018. Tulipiga kura tarehe 30. Kesho yake intaneti ikakatwa, na SMS pia, na ikarudi tarehe 19 na 20 Januari 2019. Hapo VPN haikuwa na kazi yoyote, kwa sababu haitengenezi mtandao. Inahitaji mtandao uliopo ili ipite. Watu wa Goma waliweza kuvuka mpaka hadi Gisenyi kutafuta intaneti ya Rwanda, na Kinshasa wengine walinasa mtandao wa Brazzaville ng'ambo ya mto. Sisi tuko katikati ya nchi, hatuna mpaka wa kuvuka. Waganda nao waliona hivyohivyo Januari 2021: kwanza mitandao ya kijamii ilizuiwa na VPN zikafanya kazi, kisha intaneti yote ikazimwa karibu siku tano na VPN zikalala.

Kilichosaidia mwaka ule ni simu ya kawaida ya sauti, maana yenyewe haikukatwa. Lakini namba za ndugu zetu leo ziko wapi? Ndani ya simu, na nyingine ndani ya WhatsApp tu, namba ambazo hazipigiki tena. Tunaomba kila nyumba iandike namba kwenye daftari: ya mtoto anayesoma Kisangani, ya shemeji wa Kindu, ya jirani wa yule aliye Goma. Kwa ndugu walio Ulaya, patana nao mapema ni nani hapa watampigia ili apeleke habari kwa wengine.

Sasa tuje kwenye jambo linalotusumbua zaidi. Mzigo ule wenye kufuli, kuna mtu anaufungua upande wa pili. Mwenye VPN anaona unaingia programu zipi, saa ngapi, na kwa muda gani. Mwaka 2013 Facebook ilinunua Onavo, kampuni ya Israeli yenye VPN ya bure. Watu waliambiwa inawalinda. Kumbe kupitia hiyo Facebook ilichungulia watu wanatumia programu gani za washindani wake. Apple iliiondoa mwaka 2018, Facebook ikaifunga 2019, na mwaka 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni mbili za Meta faini ya dola milioni 20 za kule. Kama kampuni kubwa hivyo ilifanya hayo, yule asiyejulikana, anayekutumia VPN kwa kiungo ndani ya kikundi cha WhatsApp, atafanya nini?

Kwa hiyo usikubali VPN iliyotumwa kama faili kutoka simu hadi simu, hata kama aliyeituma ni mpwa wako. Ichukuliwe Play Store. Ikiomba kusoma SMS zako au majina ya watu wako, ikatae: VPN haihitaji vitu hivyo. Proton VPN ya Uswisi ina upande wa bure unaobebwa na wateja wanaolipa. Angalau hapo unajua pesa zinatoka wapi. Na kizuizi kikiisha, izime. Inakula mega, na Google au Facebook ikikuona ghafla uko Uholanzi inaweza kukudai uthibitishe kwamba ni wewe. Kutuma pesa kwa kubonyeza nyota na namba hakupiti intaneti, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba VPN inalinda M-Pesa yako.

Na vijana waambiwe pia: VPN haifichi jina. Anayeingia Facebook kwa jina lake bado ni yeye, na anayesambaza uvumi wa vita katika kikundi, namba yake inaonekana na wote. Tanzania mwaka 2023 iliwataka wanaotumia VPN wajiandikishe kabla ya tarehe 30 Oktoba, kwa hiyo anayesafiri aulize sheria ya kule aendako.

Juma lijalo tutaonyesha namna ya kuweka namba ya siri ya pili kwenye WhatsApp, ili mwizi asiichukue akaunti yako. Njooni mkutanoni na simu zenye chaji.