Urithi wa Damu na Urithi wa Chungu: Kwa Nini Kisukari na Shinikizo la Damu Huandamana Ndani ya Ukoo

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo wiki ya pili ya mwezi Novemba, Tanzania huadhimisha Wiki ya Kitaifa ya Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza, na wananchi huhimizwa kujitokeza kupima shinikizo la damu, sukari na uzito. Wapo wanaoelezwa kuwa vipimo vyao vimepanda wakajibu kwamba kwao huo ni ugonjwa wa ukoo. Wapo pia wasiofika kabisa kupima, kwa kuamini kuwa hayo ni magonjwa ya matajiri. Kauli hizo mbili zinatofautiana kwa maneno, lakini matokeo yake ni mamoja: mhusika hachukui hatua yoyote.

Kitaalamu, magonjwa hayo huanza kujitokeza kwa pamoja kabla mtu hajaanza kujihisi mgonjwa. Mwaka 1988, daktari wa Marekani Gerald Reaven alieleza namna mwili unavyopoteza uwezo wa kuitikia insulini, na jinsi hali hiyo inavyoambatana na kupanda kwa sukari, shinikizo la damu na mafuta katika damu. Leo mkusanyiko huo huitwa sindromu ya umetaboli. Mtu huhesabiwa kuwa nayo anapokuwa na viashiria vitatu kati ya vitano: kiuno kilichopanuka, shinikizo la damu la 130/85 au zaidi, sukari ya milimoli 5.6 kwa lita au zaidi kabla ya kula. Mafuta ya trigliseraidi yaliyozidi kiwango. Na upungufu wa lehemu nzuri inayolinda mishipa ya damu. Mwenye mkusanyiko huo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari, maradhi ya moyo na kiharusi.

Hali nchini inadhihirisha kwamba jambo hili si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliohusisha watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulibaini kuwa asilimia 26 walikuwa na uzito uliozidi, asilimia 25.9 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 9.1 walikuwa na kisukari.

Je, ukoo una sehemu gani katika hali hii? Sehemu yake ipo, na sayansi imeipima. Mwaka 2007, watafiti nchini Uingereza walibaini kuwa mtu aliyerithi aina fulani ya kinasaba kiitwacho FTO kutoka kwa baba na mama huwa na wastani wa kilo 3 zaidi ya yule ambaye hakuirithi kabisa. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2011, uliojumuisha watu wazima zaidi ya 200,000, ulionesha kwamba kwa watu wanaoushughulisha mwili, mchango wa kinasaba hicho katika kuleta kiribatumbo hupungua kwa zaidi ya robo. Tafiti hizo zilihusu zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Kwa upande wa Afrika, utafiti uliofanyika Nigeria, Ghana na Kenya na kuchapishwa mwaka 2019 ulikihusisha kinasaba cha ZRANB3 na kisukari cha aina ya pili.

Takwimu hizo zinapata maana zaidi zikiwekwa kando ya utafiti uliofanyika hapa nchini. Watafiti waliwafuatilia watu waliohama kutoka vijijini mkoani Morogoro kwenda Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Katika miezi 12 tu, uzito wao uliongezeka kwa wastani wa kilo 2.3. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi nzito walishuka kutoka asilimia 79.4 hadi asilimia 26.5. Ulaji wa nyama nyekundu uliongezeka, ingawa ulaji wa matunda na mboga nao uliongezeka. Damu ya watu hao haikubadilika. Kilichobadilika ni jembe kuachwa shambani na daladala kuchukua nafasi ya miguu, na mwaka mmoja wa maisha hayo ukaleta ongezeko linalokaribia lile linalohusishwa na kinasaba kilichorithiwa kwa wazazi wote wawili.

Ndiyo maana Utafiti wa Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa mijini wakiwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, ilhali vijijini ni asilimia 21. Tofauti hiyo ni vigumu kuielezea kwa vinasaba pekee.

Ikumbukwe pia kwamba familia hurithisha zaidi ya damu. Hurithisha chungu: kiasi cha mafuta kinachomiminwa, chumvi inayoongezwa mezani, vijiko vya sukari katika chai. Hurithisha na mtazamo. Katika jamii zetu aliyenenepa husifiwa kuwa amenawiri, na aliyepungua huulizwa anaumwa nini. Mtazamo huo humkatisha tamaa hata yule aliyeshauriwa na daktari kupunguza uzito.

Serikali imechukua hatua kadhaa. Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuelekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itumike kwa shughuli hiyo. Novemba 2019 ulizinduliwa Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza, na Januari 2024 ukafuata mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hata hivyo, Jumamosi moja haiwezi kufidia siku 30 za kukaa. Halmashauri zinapopanga miji hazina budi kuzihesabu njia za waenda kwa miguu na viwanja vya michezo kuwa sehemu ya huduma za afya.

Kwa mwananchi, historia ya ukoo itumike kama onyo la mapema. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari au shinikizo la damu apime mapema bila kusubiri dalili. Kipimo cha kwanza hakihitaji hospitali: futikamba ya fundi cherehani ikizungushwa kiunoni yatosha. Sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke ndiyo mipaka inayotumika, ingawa imeazimwa kutoka takwimu za Ulaya hadi hapo Afrika itakapopata mipaka yake. Aliyeivuka afike kituo cha afya kilicho karibu apimwe sukari na shinikizo la damu, na akirudi nyumbani azungumze na wanaokula naye chungu kimoja.