Udaktari wa hesabu, sasa utamtibu nani?

Binti aliyemaliza kidato cha sita anasubiri baba yake amalize kula ndipo aseme lake. “Baba, nimeamua. Nikifika chuo nasoma hisabati, na Mungu akijalia nitaendelea mpaka PhD.”

Baba ananawa mikono taratibu. “Udaktari wa hesabu, mwanangu? Sasa utamtibu nani?”

Mazungumzo ya namna hii yapo katika nyumba nyingi, Dodoma na kwingineko. Baba hana nia mbaya. Anafikiria ada, anawaona vijana wa mtaani wenye shahada wasio na kazi, na anamtakia mwanawe kazi inayoeleweka. Ila swali lake lina jibu, na liko karibu kuliko anavyodhani.

Mfikirie mtoto mwenye selimundu. Wataalamu wa afya hukadiria kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka. Ni yule anayekosa shule mara kwa mara, macho yana umanjano, na usiku analia kwa maumivu ya mifupa. Maumivu hayo huanzia kwenye seli nyekundu za damu.

Seli nyekundu ni duara lenye upana wa takriban mikroni 8, limebonyea katikati pande zote mbili. Mishipa midogo kabisa ya damu ni myembamba kuliko hapo, lakini seli hupita. Siri iko kwenye utando wake, ngozi ya tabaka mbili za mafuta yenye unene wa takriban nanometa 5. Chukua kifuko cha nailoni kama vile vya kufungia ubuyu. Ukikijaza maji mpaka kikakaza, hakipiti kwenye tundu dogo. Ukikiacha nusu, kinajikunja na kupita. Seli nayo ina utando mwingi kuliko maji yaliyomo ndani, ndiyo maana inajikunja.

Hapo ndipo hisabati inapoingia. Mwaka 1970 mtafiti Peter Canham alionyesha kwa hesabu kwamba umbo lile la kubonyea ndilo linalotumia nguvu ndogo zaidi kuukunja utando. Mwaka 1973 Wolfgang Helfrich, mwanafizikia wa Ujerumani, aliandika mlinganyo wa nguvu hizo. Mpaka leo wanafunzi wa uzamivu wanaochunguza utando wa seli huanzia hapo.

Kwa mtoto mwenye selimundu, hemoglobini ikishaachia oksijeni hushikamana na kuwa nyuzi ngumu. Seli inajipinda kama mundu, inakakamaa, inakwama, na maumivu yanaanza. Lakini nyuzi hizo hazijengeki papo hapo. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani, Hofrichter, Ross na Eaton, walionyesha kuwa kuna muda wa kungoja kabla hazijatokea. Seli ikiwahi kurudi mapafuni kuchukua oksijeni ndani ya muda huo, inasalimika. Na muda huo hupungua sana hemoglobini ikikolea hata kidogo.

Hemoglobini hukolea seli inapopoteza maji. Utando wa seli ya selimundu huvujisha potasiamu, na maji huifuata. Mwaka 1986 Virgilio Lew na Robert Bookchin walichapisha modeli ya hesabu inayofuatilia kinachoingia na kinachotoka kwenye seli nyekundu.

Kwa hiyo nesi anaposema, “Mama, mtoto anywe maji ya kutosha,” maneno hayo yana hesabu ndani yake. Dodoma mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine ni jua, upepo na vumbi. Chupa ya maji kwenye begi la mtoto huyu ni sehemu ya matunzo yake. Zungumza pia na mwalimu wake amruhusu kunywa maji darasani na kwenda chooni kila anapohitaji, maana watoto hawa hukojoa mara nyingi.

Milinganyo peke yake haimponyi mtu. Inahitaji daktari wa kuipima na maabara ya kuithibitisha. Dodoma wote hao ni majirani. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kinafundisha hisabati na udaktari, na kando yake ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambayo mwaka 2023 ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Arusha nako ipo Taasisi ya Nelson Mandela, yenye masomo ya hisabati ngazi ya uzamivu.

Safari ni ndefu, mzazi ajue. Shahada ya kwanza miaka mitatu, uzamili takriban miwili, uzamivu mitatu au zaidi. Siku nyingi mtafiti hushinda na karatasi na kompyuta akitafuta kosa moja. Basi badala ya kumkatisha tamaa mtoto, muulize: Nani atakusimamia? Ada ya uzamili itatoka wapi? Utaweza kufundisha huku ukisoma, kama wengine wanavyofanya? Mtoto aliyefikiri vizuri atakuwa na majibu, na asiye nayo ataondoka na kazi ya kufanya.

Hata swali la baba ni zuri. Likiulizwa kwa kejeli, linafunga mlango. Likiulizwa kwa kutaka kujua, binti atavuta kiti, achukue karatasi, na kumchorea baba yake seli moja nyekundu ya damu.