Kabla ya Kuinjika Chungu

Mama mwenye busara hainjiki chungu kabla ya kujua ni watu wangapi watakaokula. Akikosea hesabu, kuna atakayelala na njaa, na mara nyingi huwa ni yule mdogo asiyejua kujisemea. Serikali nayo ina chungu chake, na mtaalamu wa idadi ya watu ndiye anayepaswa kuulizwa kabla moto haujawashwa.

Wengi hudhani kwamba kazi ya mtaalamu huyu hukoma siku ya sensa. Sivyo. Akisha kupata jumla, huchunguza wangapi huzaliwa, wangapi hufa, na wangapi huhama au kuhamia katika kila wilaya. Kwa hayo hukadiria hali ya miaka ijayo. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu ahitaji chanjo mwaka huu huu. Baada ya miaka 6 atahitaji dawati. Baada ya miaka 18 atatafuta kazi au kipande cha shamba. Hakuna mwalimu anayefunzwa kwa siku moja, wala zahanati inayojengwa kwa usiku mmoja.

Tuitazame Uganda yetu. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu watu wapatao milioni 9.5, ile ya mwaka 2024 ilihesabu milioni 45.9, na karibu nusu yao ni watoto wasiotimiza miaka 18. Kati ya mwaka 2014 na 2024 watu waliongezeka kwa kiasi cha 2.9 kwa mia kila mwaka. Kwa mwendo huo, taifa huwa maradufu kwa muda wa miaka 24 hivi.

Mwaka 1997 Serikali ilianzisha mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, ikaondoa karo kwa watoto 4 wa kila jamaa. Wanafunzi waliokuwa kiasi cha milioni 3 mwaka 1996 walizidi milioni 5 katika mwaka mmoja tu. Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao. Tuliketi chini ya mwembe, wengi kuliko mwalimu alivyoweza kutujua kwa majina, na mvua iliponyesha somo lilikwisha.

Je, watoto wale walishuka kutoka mbinguni? La hasha! Wengi wetu tulikwisha kuhesabiwa katika sensa ya mwaka 1991, tukiwa bado tunabebwa migongoni. Daftari la shule lilimjua mtoto aliyelipiwa karo. Hesabu ya sensa ilimjua kila mtoto. Anayepanga kwa daftari la kwanza peke yake huwaona waliokwisha kuingia mlangoni, asiwaone waliosimama nje.

Mpango ule ulikuwa mwema, na bila huo huenda mkono huu usingejua kuandika. Lakini wema usiopimwa huchosha walimu na huwapotezea watoto miaka yao. Ndiyo sababu ni jambo la kupongezwa kwamba mwaka 2014 ilitungwa sheria ya kuunda Baraza la Taifa la Idadi ya Watu, ili liishauri Serikali. Hata hivyo, mtaalamu hutoa kipimo tu. Kukata shauri ni kazi ya viongozi. Kipimo kilichofungiwa kabatini hakimjengei mtoto darasa.

Nasi wenye nyumba tuna sehemu yetu. Karani wa sensa abishapo hodi, kuna wanaomficha mtoto, wakihofia kodi au kijicho. Wengine hawaandikishi vizazi. Ndugu msomaji, mtoto uliyemficha leo ndiye atakayekosa dawati kesho, kwa kuwa katika hesabu ya taifa hakuzaliwa. Mtaje, taja na umri wake kwa ukweli. Sahani yake huanza kutengwa hapo.