Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Apone

Huenda ukakutana na swali hili katika karatasi ya insha: "Utalii una manufaa mengi kuliko madhara. Jadili." Watahiniwa wengi hukimbilia orodha waliyoikariri: fedha za kigeni, ajira na barabara, kisha, kwa upande wa pili, uchafuzi wa mazingira na kuiga mila za kigeni. Orodha hiyo si mbaya, ila haimwonyeshi mtahini unaamini nini wewe mwenyewe. Hebu tuchukue mfano mmoja, nami nikueleze msimamo wangu. Una hiari ya kuupinga, mradi uwe na hoja.

Twende Norwei, katika kijiji cha Geiranger. Kijiji hiki kiko mwishoni mwa mkono wa bahari wenye urefu wa kilomita 15 hivi, uliopenya katikati ya milima mirefu. Wenyeji huuita mkono wa namna hiyo fiodi. Mwaka 2005, UNESCO iliitia fiodi hii katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wakazi wa kudumu hawafiki hata mia tatu. Hata hivyo, wakati wa kiangazi, meli moja ya kitalii huweza kuteremsha abiria elfu kadhaa kwa siku. Wengi wao hupanda mabasi, wakapitishwa bondeni kwa barabara zenye kona kali hadi kilele cha Dalsnibba, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wakishapiga picha hurudi, na jioni meli hung'oa nanga.

Tuanze na fedha. Abiria huyu amekwisha kulipia malazi na chakula melini. Aghalabu hata safari ya basi ameinunua humo humo, na kampuni ya meli huchukua sehemu yake kabla ya mwenye basi kulipwa. Kwa hivyo, usiandike kwamba watalii wengi huleta fedha nyingi kabla ya kujiuliza zinaingia mfukoni mwa nani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa meli hakai hata siku moja!

Jambo la pili ni hewa. Milima imesimama kama kuta pande zote. Siku isiyo na upepo, moshi wa meli hukosa njia ya kutokea, ukatanda juu ya nyumba za watu. Kwa sababu hiyo, mwaka 2018 Bunge la Norwei liliazimia kwamba meli za kitalii na feri zisitoe hewa chafu katika fiodi za Urithi wa Dunia kufikia mwaka 2026. Lakini kanuni zilipotungwa, tarehe hiyo ilibaki kwa meli zenye ukubwa wa chini ya tani 10,000. Meli kubwa ziliongezewa muda hadi 2032, kwa maelezo kwamba teknolojia inayohitajika haijawa tayari. Yaani kubwa ndilo lililosamehewa, dogo likabanwa.

Wapo wanaozitetea meli, nao tuwasikilize. Juu ya magenge ya fiodi kuna mashamba yaliyohamwa, kama Skageflå, lililoachwa mwaka 1916 kwa ugumu wa maisha. Utalii ndio unaowapa wakazi wengi wa leo sababu ya kubaki. Tena, meli ikizuiwa kuingia fiodi, inaweza kutia nanga mahali pa jirani, abiria wakaletwa kwa mabasi mengi zaidi katika barabara ile ile nyembamba. Hoja hizi ni nzito, na insha isiyozitaja ina pengo.

Hata hivyo, mimi nasimama upande wa bonde. Sisemi meli zifukuzwe. Nasema wenyeji wawe na kauli kuhusu idadi ya meli kwa siku, ada zinazotozwa na moshi unaoruhusiwa. Muda ukishawekwa uheshimiwe, kwani kila mwaka unaoongezwa una gharama, na anayeilipa ni anayevuta hewa ile, wala si mwenye meli. Mandhari ndiyo bidhaa inayouzwa hapa. Mwenye bidhaa asiponufaika nayo, na uchafu ukaachwa mlangoni pake, hiyo si biashara ya haki.

Usidhani haya ni ya Ulaya pekee. Meli za aina hii hufika Mombasa na Zanzibar pia. Unapoziona bandarini, uliza: abiria watakula wapi, basi ni la nani, na muuza vinyago atapata nini kabla jua halijatua?

Basi, ukiketi kuliandikia swali lile, eleza nani anapata, nani anabeba mzigo, na nani anaamua. Taja hoja ya mpinzani wako kwa haki, uijibu, kisha utoe msimamo wako waziwazi. Methali yetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wengi huishia kwenye nusu ya kwanza. Wewe ipime na nusu ya pili.