Watazamaji wa Sinema, Tuseme kwa Sababu

Ndugu zangu wa Ukonga hapa Dar es Salaam, kuanzia mitaa yetu ya Mazizini hadi Mombasa na Banana, sisi ni watu wa kutazama sinema. Jioni isiyo na mpira, vibanda umiza hujaa watu wanaofuatilia Wahindi, Wachina na Wakorea. Asiyekwenda kibandani hupeleka flashi dukani akawekewa muvi, akatazama nyumbani na wenzake. Kutazama tunatazama sana, ila kusema ndiko kunakotushinda. Muulize mtu aliyetoka kutazama, atakujibu "kali" au "mbovu", basi. Ukimbana aeleze ukali wenyewe uko wapi, anakuona unatafuta ugomvi. Nasema hili lirekebishwe, maana wanaoumia ni sisi na wasanii wetu pamoja.

Juzijuzi nimetazama Binti, filamu ya mwongozaji Seko Shamte iliyotoka mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikaingia Netflix. Inasimulia wanawake wanne wa Dar es Salaam, akiwamo Angel, mchumba wa mtu anayempiga huku harusi inakaribia, na Stella anayehangaika kupata mtoto. Nimeipenda kwa sababu hofu ya Angel unaiona usoni kabla hajafungua kinywa. Sikuipenda kwa sababu kila nilipoanza kumzoea mwanamke mmoja, nilihamishiwa kwa mwingine. Mama mmoja niliyetazama naye akanipinga. Akasema ndivyo tunavyowajua majirani zetu, kipande kipande, na hakuna anayetusimulia maisha yake yote. Tulibishana mpaka usiku, kila mmoja akitaja tukio aliloliona, na sikumshinda. Mabishano ya namna hiyo ndiyo ninayoyatamani katika kila baraza.

Vuta N'Kuvute ilinipa kazi kubwa zaidi. Mwongozaji Amil Shivji ameitoa kwenye riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, kisha ikateuliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye tuzo za Oscar, heshima ambayo hakuna filamu yetu iliyokuwa imeipata tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa bila ridhaa yake, anatoroka ndoa na kukutana na Denge, kijana anayepigania uhuru. Vijana niliotazama nao walichoka mapema. Wakasema inazubaa, watu wanaangaliana tu.

Sikubaliani nao, na sababu yangu ni hii. Denge na wenzake ni watu wanaowindwa na polisi. Neno moja likisikika pasipotakiwa, mtu analala gerezani. Watu wa namna hiyo hawapayuki. Kimya chao ndicho hatari yenyewe, na mwongozaji amekiacha kidumu ili nasi tuionje hatari hiyo. Lawama yangu iko kwingine: mapenzi ya Yasmin na Denge hayakupewa muda wa kukua kama yalivyokua kitabuni. Aliyesoma riwaya anajua wamefikaje pale. Asiyeisoma analazimika kuamini tu.

Lakini kwa nini kimya kinatuchosha upesi hivi? Nimelifikiria jambo hili, nami naona tumelelewa na sauti ya mtafsiri. Toka enzi za kanda, Lufufu alipojijengea jina mjini hapa kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, hadi hawa madijei wa leo wanaotafsiri muvi, tumezoea kuambiwa. Mtafsiri anakujulisha mapema yupi steringi na yupi adui. Anakucheka ukiogopa, na panapopoa anaongeza chumvi yake. Ni fundi mkubwa, na mimi simvunjii heshima. Bila yeye, wengi wasiojua Kiingereza wala Kihindi wasingeonja sinema kabisa. Hata hivyo amekuwa akitufanyia kazi moja ambayo ilipasa tuifanye wenyewe, nayo ni kuhukumu. Ikija filamu isiyo na mtu wa kutuambia nani mwema, tunaiona haina kitu.

Wala tabia hii ya kungoja kuambiwa haikuanza na mtafsiri. Filamu za Kiswahili za mwanzo, kama Muhogo Mchungu ya miaka ya 1950 aliyoigiza Rashidi Kawawa kabla hajawa Waziri Mkuu, zilitengenezwa chini ya serikali ya kikoloni, iliyomchukulia mwananchi kuwa mtu wa kufunzwa. Mtazamaji alitakiwa apokee somo, aende zake.

Tazameni mfano mwingine wa kutazama bila kuhukumu. Dangal, filamu ya Kihindi ya Aamir Khan ya mwaka 2016, imezunguka sana mitaani kwetu. Inatokana na kisa cha kweli cha Mahavir Singh Phogat, aliyewafunza binti zake mieleka mpaka mmoja wao, Geeta, akashinda dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Delhi mwaka 2010. Mwishoni watu walipiga makofi, nami nilipiga. Ila baba yule aliwakata nywele watoto wale na kuwatia ulingoni bila kuwauliza. Tunamlilia Yasmin kwa kuozwa bila ridhaa, tunamshangilia baba wa Geeta kwa kumwamulia mtoto maisha. Inawezekana tofauti ipo, na ipo kubwa. Basi mtu aiseme! Pengine ni kwamba baba wa Geeta aliwafungulia wanawe mlango ambao kijiji kizima kiliufunga. Hilo ni jibu linalostahili kujadiliwa, kuliko makofi peke yake.

Sasa nije kwenye filamu za Bongo, ambazo wengi husema "hizo mimi siangalii". Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati ulifurika viwanja vya Leaders kumuaga, kisha akazikwa makaburi ya Kinondoni. Watu hawamlilii hivyo mtu wasiyemtazama. Tuliwapenda wasanii wetu, na filamu zao tulinunua. Ila hatukuwaambia ukweli. Hadithi ya kutosha saa moja na nusu ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili. Gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, linaegeshwa, mlango unafunguliwa, na hadithi haijasogea hata hatua. Tuliona yote hayo, tukanung'unika sebuleni, na kesho yake tukanunua sehemu ya pili. Mtengenezaji angejuaje? Yeye aliona mzigo unatoka. Soko la diski lilipokufa tukageuka ghafla kuwa mahakimu wakali, tukahukumu kila kitu kwa neno moja, na filamu nzuri zikahukumiwa pamoja na mbovu.

Wapo pia wanaosema tusifu cha kwetu hata kikiwa kibaya, kwa uzalendo. Hao nawapinga kwa nguvu ileile. Msanii anayesifiwa bure hana sababu ya kuandika upya ukurasa mbovu, na mtazamaji aliyelipa nauli na kiingilio ana haki ya kazi iliyokamilika. Filamu ya nyumbani ipimwe kwa kipimo kilekile cha Mhindi na Mkorea, hisia zetu zisizidishe wala kupunguza.

Kwa hiyo nawaomba nyinyi mnaotazama leo usiku: filamu ikiisha, msiondoke na neno moja. Tajeni tukio lililowagusa na lililowakera, mseme na sababu. Mkibishana, kila mtu ajibu hoja ya mwenzake bila kumtukana. Mtengenezaji akiwa Mtanzania, mwandikieni, maana wasanii wengi wana kurasa zao mitandaoni. Nanyi wenye vibanda, ombeni ruhusa kwa wenye filamu, mtenge usiku mmoja kwa wiki kuonyesha kazi ya Kitanzania bila sauti ya mtafsiri, kisha muache taa ikiwaka nusu saa ili watu wazungumze. Anzeni na Vuta N'Kuvute.