Breve Bila Mtu wa Kujibu Ni Kaburi



Tarehe 3 Oktoba 2024 bato Merdi ilitoka Minova, ikazama mbele ya macho ya watu wakati ilikuwa karibu kufika Kituku. Watu walipakiwa kupita kiasi. Hayo tulishasema na tutarudilia kuyasema. Leo tunaongea juu ya neno lililofuata, neno ambalo sasa liko kwenye kila mdomo: wapiga mbizi. Eti Ziwa Kivu halina wapiga mbizi, basi vijana wafunzwe mbio mbio, wapewe breve, picha ipigwe, kazi iishe.

Sisi tunasema ndiyo kwa mafunzo. Kwa mchezo, hapana.

Sababu kijana anayejua kuogelea bado hajawa mpiga mbizi. Kila mita 10 unazoshuka, presha inaongezeka. Hewa unayovuta inaingia kwenye damu, na ukipanda haraka inageuka povu ndani ya mwili. Povu hilo linaweza kukupooza, linaweza kukuua. Mbizi ya kawaida inaishia mita 40. Kupita hapo, ao pale unapolazimishwa kusimama njiani kabla ya kutoka majini, unaingia kwenye mbizi ya kiufundi: gesi za kuchanganya, mahesabu, chupa zaidi ya moja, miaka ya mazoezi. Ziwa letu linashuka kupita mita 450. Bato ikizama hapa, haichagui kulala kwenye mita 20.

Halafu Kivu si bahari. Iko kwenye mita karibu 1.460 juu ya bahari. Hewa ya juu yetu ni nyepesi, kwa hiyo meza za mahesabu zilizofanywa kwa watu wa baharini zinadanganya huku kwetu kama hazikurekebishwa. Na kuna gesi. Kila mtoto wa Goma anajua mazuku ni nini. Katika ghuba ya Kabuno gesi ya kaboni iko karibu na uso wa maji, mita kumi na kidogo tu. Mwalimu anayetoka mbali na kitabu chake, je, anajua hayo? Nani alimuuliza?

Msifikiri hii ni shida ya nchi maskini tu. Novemba 2020, huko Montana, Marekani, msichana wa miaka 18 alikufa ndani ya Lake McDonald akiwa kwenye mbizi ya mafunzo. Alivaa nguo kavu ya mbizi bila mpira wa kuingizia hewa, pamoja na uzito ambao hakuweza kuutupa. Maji yalimbana. Mwalimu alikuwepo. Duka la mbizi lilikuwepo. Shirika kubwa la kutoa breve lilikuwepo. Familia ililazimika kwenda mahakamani ili kuuliza swali moja: nani anajibu?

Hapo njo kidonda kilipo. Mahali pengi duniani mashirika ya breve yanaandika kanuni yenyewe, yanauza vitabu yenyewe, na yanajichunguza yenyewe. Mwanafunzi anasainishwa karatasi kwamba mwalimu si mfanyakazi wa shirika. Pesa ikiingia, wote ni ndugu. Mtu akikufa, kila mmoja na mama yake. Kama familia yenye avoka na mahakama ilihangaika hivyo, mtoto wa mvuvi wa Kituku atalia kwa nani?

Na sisi tunajua kanuni zetu zinaishia wapi. Aprili 2019, baada ya bato kuzama upande wa Kalehe, Rais alikuja, akasema kila msafiri avae jile. Maneno yalikuwa mazuri. Nani alisimama bandarini kila asubuhi kuhesabu majile? Nani alifukuzwa kazi kwa kutohesabu? Kanuni isiyo na mtu wa kuijibia ni karatasi ya kufungia sambaza.

Wengine watatuambia: watu wanakufa, nyinyi mnaomba makaratasi! Tunajibu: mwokozi asiyefunzwa sawasawa anaongeza maiti ya pili. Na kwanza kabisa, kinachookoa wengi ni bato isiyopakiwa kupita kiasi. Mpiga mbizi asigeuzwe pazia la kuficha wale wanaokula franga bandarini.

Kwa hiyo tunadai, kwa yeyote anayekaa kwenye ofisi ya ziwa, leo na kesho:

1. Hakuna mafunzo bila jina la mwalimu, breve yake, na kiwango anachoruhusiwa kufundisha, vibandikwe wazi bandarini.
2. Mpango wa dharura uandikwe kabla ya mtu kuingia majini: oksijeni iko wapi, chumba cha presha kiko wapi, mgonjwa atafika kwa saa ngapi. Hakuna jibu, hakuna mbizi.
3. Bima kwa kila mwanafunzi, na kusiwe karatasi ya kuwaondolea wakubwa jukumu.
4. Ajali ikitokea, uchunguzi ufanywe na watu wasiouza breve, na ripoti isomwe mbele ya familia.

Na wewe kijana, ukiitwa kwenye mafunzo hayo, uliza. Vifaa hivi nani alivipima? Umbali wa mwisho ni mita ngapi? Nikipatwa na shida, nani anajibu? Kama wanakasirika, vua vifaa, rudi nyumbani. Hiyo si woga. Kijana anayekataa kuzama kwa ajili ya picha ya mtu mwingine anafanya kazi ya raia.

Ziwa ni letu. Wafu ni wetu. Na majibu pia ni yetu. Tutayadai mpaka tuyapate.